Usiionee Haya Hadithi ya Kwenu

Ewe msomaji kijana, uko ushauri mmoja utolewao kwa nia njema, nao hudhuru kama sumu. Mtu akitaka kumpelekea mhariri wazo la hadithi huambiwa: "Kwanza tafuta apendalo mhariri, kisha uikate hadithi yako kwa kipimo hicho." Basi kijana wa Mabanga, katika Bungoma, aliyelelewa kwa masimulizi ya ngome ya Chetambe, ambako Wabukusu walipigana na jeshi la Waingereza mwaka 1895, huyaacha yote hayo. Mzee wa kijijini humgeuza tajiri wa Nairobi, na mto Nzoia huugeuza barabara ya lami. Hupeleka barua juu ya mji asioujua, na mhariri, aujuaye vema, huitupa.

Mimi nasema ushauri huo ni mbaya.

Wautoao hudai kwamba mchapishaji ni mfanyabiashara, na kwamba msomaji wa Lamu hana haja na Mabanga. La kwanza ni kweli. La pili si kweli. Muhammed Said Abdulla aliandika juu ya Unguja yake katika Mzimu wa Watu wa Kale. Alishinda mashindano ya East African Literature Bureau ya 1957-58, na kitabu kikatoka mwaka 1960. Ni wangapi waliokisoma huku bara bila kuiona Unguja kwa macho? Ken Walibora, mzaliwa wa Bungoma, katika Siku Njema ya 1996 alimsafirisha kijana kutoka Tanga mpaka Kitale, na wanafunzi wa Kenya wakakisoma kwa hamu. Jina la Kitale halikukipunguzia kitabu hicho hata msomaji mmoja.

Utaniuliza: je, nikikataliwa? Grace Ogot alikataliwa. Alisimulia mwenyewe kwamba alipopeleka hadithi zake kwa Bureau hiyo hiyo, walistaajabu jinsi mwanamke Mkristo alivyoweza kuandika juu ya kafara na waganga. Hakuzifuta kafara hizo. Hadithi yake A Year of Sacrifice ilichapishwa mwaka 1963 katika jarida la Black Orpheus la Nigeria, na riwaya yake The Promised Land ilitolewa na East African Publishing House mwaka 1966.

Lakini usiufanye ukaidi kuwa kisingizio cha uvivu. Wazo si hadithi. Andika ukurasa mmoja: ni nani, anataka nini, nini kinamzuia, na wapi. Ambatisha sura ya kwanza iliyosafishwa, nawe ubaki na nakala. Mhariri akisema sentensi zako ni ndefu mno, msikilize, maana hiyo ndiyo kazi yake. Akisema kwenu hakuna cha kusimuliwa, mshukuru, uchukue mswada wako, ukabishe mlango mwingine.

Wahenga walisema mkana kwao ni mtumwa. Fikiri, msomaji: ikiwa watoto wa Bungoma wataona haya kuiandika Chetambe, habari zake zitabaki katika maandishi ya wale tu waliokuja na bunduki. Je, utaridhika wajukuu wako waijue ngome ya babu zao kwa maneno ya walioibomoa?