Nafaka Iliyolowa Iwekwe Juu

Siku hizi twawahimiza vijana wafungue biashara, na hilo ni jema. Mtume wetu (S.A.W.) naye alifanya biashara.

Siku moja sokoni alitia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vikakuta umajimaji. Mwenye mali akasema imenyeshewa. Mtume (S.A.W.) akamuuliza mbona hakuiweka juu watu waione, kisha akasema anayeghushi si katika yeye. Mvua haikuwa kosa la yule bwana. Kosa ni kuficha.

Mtoto anahifadhi Suratul Mutaffifin madrasani asubuhi, jioni anamwona baba akipunja kilo dukani. Atafuata lipi? Tuwape mtaji, lakini kwanza tuwaoneshe mizani iliyo sawa. Wabillahi tawfiq.