Asilimia kumi ya halmashauri: Waislamu wa Tanga tusijitenge nayo

 

 Katika darsa zetu za fiqhi ya miamala kuna swali moja ambalo hurudi kila tufikapo mlango wa mikopo. Anayeuliza mara nyingi ni mama wa kikundi au kijana aliyemaliza mafunzo ya ufundi, naye huuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba ameshajua jibu na analiogopa: je, inajuzu kuchukua fedha za halmashauri? Tumeona swali hili lisiishie msikitini, kwa kuwa ndani yake mna jambo kubwa zaidi ya mkopo wa kikundi kimoja. Ni suala la mji wetu kurudi kuzalisha.

Wazee wa Ngamiani wanaukumbuka mji mwingine kabisa. Mkonge, ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 kwa miche iliyotoka Florida, uliigeuza Tanga kuwa mji wa kazi. Mwaka uleule ndipo ujenzi wa reli ya kutoka bandarini kwenda bara ulipoanza. Kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha takriban tani 230,000 za singa, na hapakuwa na nchi iliyoizidi duniani. Kisha zikaja kamba za plastiki. Wakulima wa Ulaya na Marekani waliokuwa wakifungia majani yao kwa kamba ya mkonge wakahamia huko, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji wetu ulikuwa umeshuka hadi kiasi cha tani 20,000. Kiwanda cha mbolea, kilichofunguliwa mwaka 1972 kikitegemea kwa sehemu kubwa malighafi ya kuagizwa kutoka ng'ambo, kilifungwa mwaka 1991. Viwanda vya chuma, mbao na sabuni navyo vilidhoofika, kimoja baada ya kingine. Mafundi waliokuwa wakijua kuisikia mashine ikilalamika kabla haijaharibika wakawa wauza mkaa.

Hatuyasemi haya kwa kuomboleza. Tunayasema kwa sababu tunaiona hatari ya kuyarudia. Leo matumaini ya watu wengi yameelekezwa Chongoleani, liliko gati la bomba la mafuta lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, na kwenye bandari iliyochimbwa kina na kupanuliwa kwa zaidi ya shilingi bilioni 400. Hizo ni neema, na mwenye kuzikebehi hana shukrani. Lakini kazi ya kujenga bomba huajiri watu wengi kwa muda mfupi, na kazi ya kulilinda huajiri watu wachache kwa muda mrefu. Mji uliowahi kuegemea zao moja ukaanguka nalo haupaswi kuegemea bomba moja. Nabii Yusuf (a.s.) hakungoja ukame ufike ndipo afikirie maghala, mpango wake ulianza miaka ya shibe.

Sasa turudi kwenye swali. Kwa mujibu wa kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018, kila halmashauri inawajibika kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Na sheria yenyewe imetamka kuwa mikopo hiyo haina riba. Kabla ya hapo mikopo ya aina hii ilikuwa na riba, na Waislamu waliojiepusha nayo walifanya kama dini yao inavyowaelekeza, tena tunawaombea malipo mema. Ila hukumu huzunguka pamoja na sababu yake. Riba ikiondoka, kilichobaki ni qardhi, na qardhi ni katika milango ya wema ambayo sheria yetu imeihimiza.

Mwezi Aprili 2023 Waziri Mkuu alitangaza Bungeni kusitishwa kwa mikopo hiyo, baada ya taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha mabilioni yasiyorejeshwa na vikundi vilivyokuwapo kwenye karatasi tu. Utaratibu mpya ulitangazwa mwaka 2024, ambapo halmashauri 10 ziliteuliwa kuanza kwa majaribio kupitia benki, Bumbuli ya mkoani kwetu ikiwa mojawapo, na nyingine zikabaki na utaratibu wa halmashauri ulioboreshwa. Hapo ndipo ndugu zetu wengine waliposhtuka tena: benki imeingia, basi riba imerudi. Tunasema, tusihukumu kwa jina la jengo. Cha kuuliza ni hiki: je, kuna ziada inayoongezeka kulingana na kiasi cha mkopo au muda wake? Ikiwa ipo, hiyo ni riba hata ikiitwa ada. Ikiwa ni gharama halisi ya kuendesha huduma na haizidi hapo, basi Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tatu kilichofanyika Amman mwaka 1986, iliijuzisha. Muulize afisa wa mkopo mbele ya mashahidi, na jibu lake liandikwe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an inahusu kuandika deni. Tunashangaa namna Waislamu tunavyoisoma kwa tajwidi nzuri kisha tunakopeshana kwa kupeana mikono.

Jambo la pili tunalihofia kuliko la kwanza. Wapo wasiochukua fedha hizi kwa kudhani ni haramu, na wapo wanaozichukua kwa kudhani ni sadaka. Wa pili ndio walioufikisha mpango huu kusitishwa. Fedha hii inatoka wapi? Inatoka kwenye ushuru wa soko anaoutoa mama muuza samaki, kwenye leseni ya duka na kwenye ushuru wa mazao. Amesimulia Tabari kwamba Hind binti Utba alimwendea Umar bin Khattab (r.a.) akaomba akopeshwe dirham elfu nne kutoka Baitul Mali afanyie biashara. Alikopeshwa. Akasafiri hadi nchi ya Banu Kalb, akanunua na kuuza, kisha akarudi akilalamika kuwa amepata hasara. Hind hakuwa mtu mdogo: ni mama wa Muawiya, aliyekuwa gavana wa Sham. Umar (r.a.) alimweleza kuwa lau mali ingekuwa yake angemsamehe, lakini ile ni mali ya Waislamu. Basi kikundi kinachokopa, kikagawana fedha siku ya tatu na kuvunjika siku ya nne kimeingia katika haki za watu wa mji mzima. Na haki za watu, kama tunavyofundisha watoto wetu, hazifutiki kwa istighfari peke yake.

Lakini haki hiyohiyo inawabana wanaotoa. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba wana wawili wa Umar, Abdullah na Ubaydullah, walipokuwa wakirudi na jeshi kutoka Iraq walipita kwa Abu Musa al-Ash'ari, amiri wa Basra. Yeye alikuwa na mali ya umma ya kupeleka Madina. Akawakopesha, wanunue bidhaa za Iraq, wauze Madina, wakabidhi rasilimali na faida ibaki kwao. Walifanya hivyo na walipata faida. Swali la Umar (r.a.) lilikuwa moja: je, jeshi zima lilikopeshwa kama mlivyokopeshwa nyinyi? Walipojibu hapana, akataka mali na faida yote irudi. Ubaydullah akatoa hoja kwamba lau mali ingepotea wao ndio wangeilipa. Ndipo mmoja wa waliokuwapo akashauri ifanywe qiradhi, na Umar akakubali: rasilimali ikarudi pamoja na nusu ya faida.

Tunaomba madiwani na maafisa maendeleo ya jamii wakae na kisa hiki. Kikundi cha akina mama tunachokifahamu, waliokuwa wakitengeneza sabuni ya mafuta ya nazi, kilizungushwa miezi saba, mara katiba ina kasoro, mara muhuri wa mtaa haukugongwa vizuri. Kikundi kingine cha mtaa huohuo, ambacho hakuna aliyewahi kukiona kikikutana, kilipata fedha ndani ya wiki chache. Hatusemi ni wapi, kwa kuwa lengo letu si kumfedhehesha mtu. Tunasema tu kwamba swali la Umar lingetosha kuwa kipengele cha kwanza cha fomu.

Katika kisa hicho mna faida nyingine, nayo ndiyo inayohusu viwanda. Mkopo wa kurejeshwa kila mwezi unamfaa anayeuza leo na kupata leo. Ndiyo maana ukipita mitaani utaona fedha hizi zimegeuka viti na maturubai ya kukodisha, pikipiki na genge. Hakuna ubaya, ila viti vya kukodisha havizalishi kitu. Vinahamisha shilingi ya arusi hii kwenda mfuko ule. Mwenye kufunga mashine hukaa miezi kadhaa kabla hajauza bidhaa ya kwanza, na marejesho yakianza mapema humlazimu auze mashine. Kwa mtu huyo qiradhi, ambayo wengine huiita mudharaba, inafaa zaidi: halmashauri itoe rasilimali, kikundi kitoe kazi na ujuzi, na faida igawanywe kwa fungu walilokubaliana tangu mwanzo. Hasara ikitokea bila uzembe wala khiana, mwenye mali huibeba kwa mali yake na mfanyakazi huibeba kwa jasho lake. Mashine za halmashauri zinaweza pia kukodishwa kwa vikundi kwa ijara. Tunafahamu kuwa kifungu cha 37A kinazungumzia mikopo na si ushirika wa faida. Basi wabunge wa mkoa huu wana kazi ya kufanya. Nchi hii ina benki inayofuata sharia kikamilifu, Amana, tangu mwaka 2011, na nyingine zimefungua madirisha ya aina hiyo. Hatuombi kitu kigeni.

Na malighafi tunayo. Nyuzi tunazozitoa kwenye jani la mkonge hazifiki hata sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Yanayobaki baada ya korona kuchambua hutupwa, ilhali pale Hale, Korogwe, ulijengwa katika miaka ya 2000 mtambo wa kutoa gesi na umeme kutokana na mabaki hayo. Machungwa ya Muheza msimu ukifika huuzwa kwa bei ya kutupa, nasi tunakunywa juisi ya unga uliotoka mbali. Makumbi ya nazi tunayachoma, ingawa bibi zetu walijua kuyafukia, kuyapondaponda na kusokota kamba za usumba. Mfano wa anayefanikiwa hatuutafuti ng'ambo: kiwanda cha maziwa cha Tanga Fresh, kilichoanza katika miaka ya 1990, kilisimama juu ya ushirika wa wafugaji wadogo wadogo. Walisaidiwa na Waholanzi, kweli, lakini maziwa na uvumilivu vilikuwa vyao.

Mzee wa miaka sitini aliyekuwa fundi wa kiwanda hayumo katika makundi matatu ya sheria hii, isipokuwa awe na ulemavu. Hili ni pengo. Hata hivyo hakuna kinachowazuia vijana kumfanya mwalimu wao na kumlipa ujira wake. Ofisi za SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, zipo mjini. Na kwa upande wa soko, sheria ya manunuzi ya umma tangu marekebisho ya mwaka 2016 imetaka taasisi zitenge asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu, wazee wakiwamo. Madawati, sare na sabuni za shule na zahanati zetu zinunuliwe kwa waliokopeshwa na halmashauri hiyohiyo, ili deni lilipwe kwa kazi.

Wakati fulani Ansari mmoja alimjia Mtume (s.a.w.) akiomba. Nyumbani alikuwa na nguo nzito ya kujifunika na chombo cha kunywea tu. Mtume (s.a.w.) aliviuza kwa dirham mbili, moja ikawa chakula cha watu wa nyumbani na nyingine ikawa shoka, naye mwenyewe kwa mkono wake mtukufu akalitia mpini. Kisha akampeleka kukata kuni, asionekane kwa siku kumi na tano. Aliporudi alikuwa na dirham kumi. Tuangalie kwamba dirham ya pili aliagizwa ainunulie zana, tena akaenda nayo ikiwa tayari kwa kazi, na akapangiwa siku ya kurudi kutoa taarifa.

Kwa ndugu zetu wa Makorora, Duga, Pongwe na kwingineko, ombi letu ni jepesi. Mikutano ya mitaa hubandikiwa matangazo, nasi hatuhudhurii, kisha tunalalamika kuwa waliopata ni wengine. Kila madrasa yenye darsa la watu wazima itenge kikao kimoja mwezi huu kwa ajili ya kusoma kanuni za mikopo hii kwa pamoja, na aalike fundi mmoja wa zamani na afisa maendeleo wa kata. Walimu wa fiqhi tupo tayari kuja kusikiliza masharti kabla kikundi hakijatia saini. Atakayekuta kipengele cha ziada atuletee nakala ya mkataba, tuutazame na kuupeleka kwa mkurugenzi kwa barua.