Kabla ya Kuvunja, Tukumbuke 1976

Wito mmoja unazidi kushika kasi, nao ni wa hatari: vunja, tuanze upya. AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ikiibiwa, watu wanataka ifutwe. Halmashauri ikila fedha za barabara, wanasema Dodoma ichukue kazi yote. Kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, kikiingiwa na ugomvi, kife tu, mikopo si ipo kwenye simu? Hasira hiyo ina sababu. Lakini dawa inayopendekezwa tulikwisha kuinywa, na tunajua ilitufanya nini.

Mwaka 1972 serikali ya Tanzania ilifuta halmashauri, ikauita mpango huo madaraka mikoani. Maofisa waliopelekwa huko wengi walikuwa na elimu na nia njema, ila waliwajibika kwa waliowatuma. Mwaka 1976 ikafika zamu ya vyama vikuu vya ushirika kufutwa. Kimojawapo, KNCU ya Kilimanjaro, kilikuwapo tangu 1933. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa nao walikuwa wameunda vyama vyao katika miaka ya 1950, wamechoka kupunjwa kwenye mizani ya wafanyabiashara. Ubadhirifu ulikuwamo, na uchunguzi wa serikali wa 1966 uliuanika. Lakini mamlaka za mazao zilizowekwa badala yake hazikuuondoa. Ziliupandisha juu, mahali ambapo mkulima hawezi kumng'oa mtu kwa kura ya mkutano mkuu. Gharama zikapanda, malipo yakachelewa.

Sheria ya kurudisha ushirika ikaja 1982. Halmashauri zikaanza kazi tena 1984, na mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alikiri katika mahojiano kwamba lau angeanza upya, asingefuta halmashauri wala vyama vya ushirika. Namheshimu sana kwa kauli ile. Mjamaa huyu, kwa njia yake mwenyewe, alikuwa amefika karibu na jambo ambalo wahafidhina wamelisema tangu 1790, Edmund Burke alipoandika kuhusu mapinduzi ya Ufaransa: kwamba mtu hujifunza kuipenda nchi kwa kuanza na kikundi kidogo alichomo, na anayefuta vikundi hivyo ili kujenga taifa anaukata mzizi wa taifa lenyewe.

Wafaransa hawakumsikiliza. Mwaka 1791 bunge lao lilipiga marufuku vyama vya mafundi na wafanyakazi, kwa hoja kwamba kati ya raia na dola hapapaswi kusimama kitu. Vyama vya wafanyakazi viliruhusiwa rasmi 1884. Miaka 93!

Kinachochelewa kurudi si jengo wala cheti cha usajili. Ni mazoea. Mama aliyewahi kuwa mtunza hazina wa kikoba anajua kusoma daftari, kumkatalia ndugu yake mkopo mbele ya wenzake, na kungoja akidi itimie kabla ya kuamua. Hayo hayafundishwi kwa semina ya siku mbili. Kikundi kikifa, mama huyohuyo anabaki peke yake mbele ya mkopeshaji wa kausha damu, yaani mikopo ya riba kubwa, na peke yake mbele ya ofisa wa serikali. Dola isiyokutana na watu waliojipanga haihitaji hata kuwa katili ili iwatawale itakavyo.

Sitetei kila cha kale. Mila inayomnyima mjane shamba alilolima na mumewe haistahili ulinzi wa mhafidhina wala wa mtu yeyote, na kuna viongozi wa ushirika ambao mahali pao ni gerezani. Ila mwizi ndiye apelekwe mahakamani, chama kibaki.

Kwa hiyo nawasihi, hasa ninyi vijana mnaoona mikutano ya vyama hivi ni ya wazee: nendeni. Kutuma mchango kwa simu na kukaa nyumbani kunakiua chama polepole kuliko amri ya serikali, lakini kunakiua. Daini taarifa ya ukaguzi isomwe yote, si muhtasari wake. Gombeeni nafasi kwenye bodi. Na akija mwanasiasa, wa chama chochote, akiahidi kuwavunjia ushirika au halmashauri ili awasafishie, mwulizeni palepale nani atakuwa na kura ya kumwondoa huyo atakayewekwa badala yake. Asipokuwa na jibu, msimpe kura zenu.