Mtoto Anayeharisha Asinyimwe Chakula

Mtoto akianza kuharisha, wapo wazazi wanaomnyima chakula. Wengine humnyima hata ziwa la mama. Husema, "Tumbo lipumzike kwanza." Mawazo hayo ni ya hatari. Tuyaache.

Mtoto anayeharisha hupoteza maji na chumvi ya mwili. Chakula hupita upesi, na mwili haupati faida yake yote. Ukimnyima na kile kidogo anachoweza kula, anakonda. Mtoto aliyekonda hana nguvu ya kupigana na vijidudu, kwa hiyo huharisha tena. Akiharisha tena, hukonda zaidi. Wavuvi wa Nyegezi wanajua: mtumbwi ukivuja hutupi kopo la kutolea maji.

Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walichimba vyoo. Mwaka 1975 ikaja kampeni ya Chakula ni Uhai. Watu walijifunza lishe bora. Mimi naona hayo ni somo moja. Mtoto akishiba lakini anakunywa maji machafu, ataharisha. Akinywa maji safi lakini hali vizuri, hatakuwa na kinga.

Basi tufanye nini? Mtoto wa chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama tu. Mkubwa zaidi aendelee kunyonya, na apewe uji kidogo kidogo, mara nyingi. Uji mtupu wa muhogo hautoshi. Tia unga wa dagaa au karanga zilizosagwa. Si haki kuuza dagaa wote mjini, na mtoto nyumbani anakonda.

Akiharisha, nenda zahanati upate dawa ya chumvichumvi na vidonge vya zinki. Koroga pakiti moja katika lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa. Vidonge apewe siku zote alizoandikiwa, hata kama ameacha kuharisha. Ukiona macho yamebonyea, au damu kwenye choo, au hawezi kunywa, mpeleke zahanati mara moja. Usingoje kesho.

Maji ya ziwa tuyachemshe, hata yakionekana meupe. Tunawe mikono kwa sabuni.

Akina baba, kazi hii si ya mama peke yake. Kuni, choo na fedha za dagaa vinatuhusu sisi pia. Mtoto ni wetu sote. Tumlishe.