Picha ya gari si shahidi wa gari

KUTOKA KIBITI
Na Salma Mbonde

Msimu wa korosho ukifunguliwa, mkulima wa Bungu au Mchukwi hapeleki mnadani picha ya korosho zake. Anapeleka korosho zenyewe kwenye chama cha msingi, zinapimwa uzito, unyevu unaangaliwa, zinapangiwa daraja, ndipo zinaingia ghalani naye anapewa stakabadhi. Mnunuzi anayeweka bei kwa kompyuta kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, huenda yuko mbali sana na ghala hilo na hajashika hata punje moja. Anathubutu kutoa fedha kwa sababu kati yake na mkulima yupo mtu aliyeukagua mzigo na kuuandikia daraja.

Fedha hizo zikishaingia benki, mwenye nazo akataka Noah ya kubeba abiria wa Jaribu Mpakani, au Canter ya kupeleka nazi Dar es Salaam, utaratibu huo wote anauacha nyuma. Anafungua simu, anapita kwenye kurasa za Instagram za yadi za Dar na makundi ya WhatsApp ya madalali, anaona gari linang'aa juu ya sakafu nyeupe. Anauliza bei. Anaambiwa wateja ni wengi, atume kianzio gari lisichukuliwe. Anatuma.

Picha iliyomtoa fedha hizo, siku hizi inaweza kuwa imepita kwenye akili unde kabla ya kumfikia. Dalali hahitaji tena kamera kubwa wala mpiga picha. Programu inachukua gari lililoegeshwa kwenye vumbi, inalikata kutoka pale lilipo na kulisimamisha ndani ya ukumbi wenye taa. Zipo kampuni zinazofanya kazi hiyo kwa ajili ya wauza magari, kama Spyne ya India na CarCutter ya Austria. Tena tangu 2023, Adobe ilipoweka akili unde ya kujaza picha ndani ya Photoshop, kufuta mkwaruzo mlangoni kumekuwa kazi ya sekunde chache, na simu nyingi za sasa zina kifutio cha aina hiyo.

Kubadilisha mandhari hakunisumbui. Kijana anayeuza Probox mbili tatu kando ya barabara kuu hapa Kibiti hana ukumbi wa vioo kama wa yadi kubwa za mjini. Akiondoa matope na kibanda kilicho nyuma ya gari, akapunguza ukali wa jua la saa saba mchana, gari linaonekana vizuri zaidi, naye anapata nafasi ya kushindana na wenye mitaji. Teknolojia inayompa mdogo nafasi hiyo naipokea kwa mikono miwili, mradi aandike kwamba mandhari si ya kweli.

Kosa linaanza programu inapoligusa gari lenyewe. Kifutio hakijui kilichopo chini ya mkwaruzo. Kinakisia, kwa kufuata mamilioni ya picha kilizofundishwa nazo, mlango usio na mkwaruzo ungekuwaje, kisha kinauchora. Mlango unaouona kwenye tangazo ni mlango wa gari lisilokuwapo popote. Kutu iliyokula chini ya milango, rangi iliyopauka kwenye boneti na kiti kilichochanika vinaondoka kwa njia hiyo hiyo. Hata muuzaji asiye na nia mbaya anaweza kudanganya bila kujua, kwa sababu programu inayong'arisha picha hafifu huongeza vitu ambavyo kamera haikuviona. Inaweza kunyoosha bodi iliyobonyea, na inaweza kuchora upya tarakimu za kilomita kwenye dashibodi.

Huku kwetu kasoro hizo zina uzito wa pekee. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyoikumba Rufiji na Kibiti yalituonesha maji yanavyopenya kila tundu. Gari lililolala majini, likikaushwa na kuoshwa, hupendeza tena. Fundi mzoefu atainua zulia akute tope, atavuta mkanda wa kiti hadi mwisho aone alama ya maji, atamulika reli za viti na boliti zake akute kutu mahali ambapo haikupaswa kufika. Kwenye picha, dalili zinazobaki ni chache: ukungu ndani ya taa, madoa kwenye kitambaa, kutu kwenye kingo za bodi. Hizo ndizo kifutio huziondoa kwa urahisi. Chumvi nayo haina huruma. Gari lililofanya kazi ya kubeba kamba na kaa kutoka Nyamisati huliwa kuanzia chini, na bodi ya juu ikabaki nzuri kwa muda mrefu.

Umbali unazidisha hatari. Mnunuzi wa Ilala akitilia shaka tangazo, anapanda daladala na fundi wake, na kabla ya adhuhuri amekwisha kujua ukweli. Mnunuzi wa Msala au Mbwera, kwenye delta ya Rufiji, anaanza na boti, akifuata maji kujaa na kupwa, hadi Nyamisati. Kisha anatafuta usafiri hadi Bungu, ndipo apate gari la Dar. Gari analolitaka halitafika kijijini kwake. Litakaa Nyamisati au Kibiti likimfanyia biashara, huku yeye akibaki kati ya mikoko. Kadiri mtu anavyokaa mbali na yadi ndivyo picha inavyobeba uamuzi wake wote. Kwa hiyo picha ya uongo humuumiza zaidi aliye mbali, ambaye gharama ya kuja kuthibitisha ni kubwa kwake kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

Wapo watakaosema Watanzania tumenunua magari kwa picha miaka yote. BE FORWARD ya Japani, iliyoanzishwa 2004, ilijijengea jina Afrika kwa kuuza mtandaoni magari ambayo mnunuzi hajayaona. Ni kweli, lakini nyuma ya biashara hiyo kulikuwa na ukaguzi. Gari linalopita kwenye minada ya Japani huandikiwa karatasi ya mnada yenye alama ya jumla, kama 4.5 au 3.5, na R au RA ikiwa liliwahi kugongwa likatengenezwa. Ndani ya karatasi hiyo kuna mchoro wa gari, na kila kasoro imewekewa herufi mahali pake: A kwa mkwaruzo, U kwa mbonyeo, S kwa kutu, pamoja na namba ya ukubwa wake. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, nalo husimamia ukaguzi wa kuona kama gari lililoagizwa linafaa kuingia barabarani. Picha iliambatana na mashahidi hao. Gari likishauzwa mara ya pili na ya tatu ndani ya nchi, karatasi ya mnada imepotea, ukaguzi wa TBS umepitwa na miaka, na kilichobaki mkononi mwa mnunuzi ni picha peke yake. Huko ndiko akili unde imekuja kukaa.

Wengine watauliza tofauti iko wapi kati ya programu na kuosha gari na kupaka tairi rangi. Gari lililooshwa bado lina mkwaruzo wake, na anayetazama atauona. Na anayesema mnunuzi aje aone kwa macho yake asisahau kianzio alichokwisha kupokea, na nauli ambayo mtu wa delta amekwisha kuitumia kabla ya kugundua kwamba gari aliloahidiwa halipo.

Sheria tunazo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kuwapotosha walaji, na Tume ya Ushindani, FCC, imepewa kazi ya kuisimamia. Kwa maoni yangu, picha ya tangazo ni maelezo kamili sawa na maneno yaliyoandikwa chini yake. FCC itamke hivyo waziwazi, kwa mwongozo mfupi ambao kila dalali anaweza kuusoma kwenye simu: mandhari yakibadilishwa iandikwe, bodi na ndani ya gari visiguswe kamwe, picha za awali zitunzwe na mnunuzi apewe akizitaka. Kianzio kilichotolewa kwa picha iliyochezewa kirudishwe chote.

Wauzaji waaminifu wasisubiri mwongozo. Waweke picha za kasoro pamoja na picha za uzuri, mkwaruzo upigwe kwa karibu, na bei iseme ukweli wa hali ya gari. Mteja wa mbali akishanunua mara moja bila kudanganywa, ndugu zake wote watanunua kwa muuzaji huyo.

Nawe unayenunua, simu yako ina nguvu ile ile. Kama karatasi ya mnada ipo, kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri itakusomea mengi ya Kijapani kilichoandikwa pale. Mlipe fundi ambaye muuzaji hamjui akakague gari kwa niaba yako. Ujira wake ni mdogo kuliko bei ya injini iliyokunywa maji. Kabla ya kutuma hata shilingi, omba video ya moja kwa moja: muuzaji alizunguke gari polepole, ainue zulia, aoneshe namba ya chesisi, awashe injini ikiwa baridi nawe ukisikiliza. Akisema hana muda, amekwisha kukujibu. Baki na fedha zako.