Turbo na ordinateri: nguvu mnayonunua ni akiba ya motere yenu wenyewe

Wandugu wasikilizaji wa Likasi, na ninyi jamaa mliokimbia vita mkaja kukaa pamoja nasi, leo ninasema juu ya motokari. Msiseme hiyo ni habari ya matajiri. Motokari ya abiria ni ya mtu mmoja, lakini maisha yaliyo ndani ni ya wengi.

Kuna biashara inayotembea katika magaraji. Fundi anafika na ordinateri yake, anaiunganisha na motokari yenye turbo, na baada ya muda mfupi anamwambia mwenye motokari: nguvu imepanda, na mazutu itapungua. Mwenye motokari anatoa falanga, anacheka, anarudi barabarani. Mimi ninasema wazi: kwa motokari inayobeba watu katika njia zetu, kazi hiyo haifai.

Tuelewane kwanza. Motokari ya kisasa ina kalkulateri, sanduku dogo linaloamuru mazutu kiasi gani iingie katika motere, wakati gani, na turbo isukume hewa kiasi gani. Fundi wa ordinateri habadilishi chuma hata kimoja. Anabadilisha amri tu. Mazutu zaidi na hewa zaidi, basi nguvu zaidi. Si uongo: motere ya turbo inaweza kupata nguvu zaidi kwa karibu robo. Lakini Land Cruiser za zamani zenye motere ya 1HZ hazina turbo, na pampu yao ya mazutu ni ya mekaniki. Anayetaka kuwauzia ordinateri wenye hizo anawaibia mchana kweupe.

Swali ni hili: hiyo robo ilikuwa wapi? Kiwanda hakikuisahau. Kiliiacha makusudi, kama akiba, kwa ajili ya mazutu mbaya, joto, milima, mzigo mkubwa na mtu anayechelewa kubadilisha oili. Kwa maneno mengine, kiliiacha kwa ajili yetu. Huko Ulaya, tangu mwaka 2009, mazutu ya magari hairuhusiwi kupita miligramu 10 za salfa kwa kilo. Mtu wa kule, mwenye njia safi ya lami, anaweza kula sehemu ya akiba ile. Sisi tunaonunua mazutu ya madumu kando ya njia, akiba yetu inaliwa kila siku bila ordinateri.

Hesabuni wenyewe. Likasi iko juu, zaidi ya meta 1,000 kutoka usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi. Turbo inazunguka kwa nguvu zaidi ili kupata hewa ileile. Gurudumu lake dogo linapita mizunguko 100,000 kwa dakika, na kinacholilinda ni oili peke yake. Enjekta inasukuma mazutu kwa presha ya bar zaidi ya 1,000, kupitia matundu membamba karibu kama unywele. Tia maji kidogo au mchanga kidogo humo, ongeza amri ya kusukuma zaidi, halafu ongeza vumbi letu la kiangazi. Pistoni ni za aluminiumu. Zikipata joto kupita kiasi, zinayeyuka.

Wananijibu: «Lakini mazutu inapungua!» Inaweza kupungua kama mguu wa shofere unabaki mwepesi. Nani kati yenu amemwona shofere anayepewa nguvu zaidi halafu anakwenda polepole? Anaongeza magunia juu na watu ndani. Kama fundi anasema kweli, akubali kipimo: jazeni tanki, mwende Lubumbashi na kurudi, mpime. Mfanye hivyo mara tatu kabla ya kazi na mara tatu baada yake, kwa mzigo uleule. Ni yule anayekataa kipimo hicho mnayepaswa kumwogopa.

Tena ordinateri haiongezi breki wala haibadilishi magurudumu yaliyochakaa. Inampa shofere hamu ya kuyapita malori ya madini kwenye RN1, na kwenye njia hiyo kosa moja linatosha.

Na maskini ndiye anayelipa. Turbo ikikufa katikati ya njia ya Mitwaba, mwenye motokari anapiga simu. Mama aliyeuza vitu vyake ili apeleke watoto kutazama kama nyumba yao bado imesimama, yeye analala porini na magodoro yake. Nauli alikwisha kulipa, na hairudi. Njia ileile aliyoikimbia kwa sababu ya watu wenye silaha, sasa anakaa humo usiku kwa sababu ya tamaa ya mtu mmoja.

Msifikiri pia kwamba ordinateri haisemi uongo. Mwaka 2015 Marekani iligundua kwamba Volkswagen iliweka katika kalkulateri programu ya kudanganya vipimo vya moshi. Motokari karibu milioni 11 duniani zilihusika. Kama kiwanda kikubwa kiliweza kuficha hivyo, nani kwetu atakagua faili ya fundi anayetembea na mkoba?

Mwenye motokari yake mwenyewe, asiyebeba abiria, mwenye mazutu safi na oili mpya, afanye anavyotaka, lakini adai faili ya kwanza ihifadhiwe. Hiyo ni mali yake. Motokari ya abiria ni jambo lingine.

Kama motokari yako imelegea, tafuta ugonjwa kwanza. Mara nyingi ni filtri ya hewa iliyojaa vumbi, mpira wa turbo uliopasuka, au enjekta inayovuja. Kuongeza amri juu ya motere mgonjwa ni kumchapa mgonjwa ili akimbie. Falanga zile tia katika filtri, oili, breki na magurudumu.

Ninaomba chama cha madereva, ACCO, kiulize jambo hili kwenye parkingi zetu. Na ninyi abiria, kabla ya kupanda, mwulizeni shofere: breki zimetazamwa lini? Akikasirika, amekwisha kuwajibu. Shukeni, mtafute nyingine.