Krayoni ziwe za darasa, si za mtoto

Najua nimepotea, msinipige mawe. Nilikuwa TP, nimerudi chuoni juzi, na kuna jambo limenikaa kooni tangu wiki ya kwanza kule. Acha nilitoe leo kabla mitihani haijaanza kutukaba.

Kwa wageni: mimi nasomea ualimu wa elimu ya awali. Ndiyo, digrii nzima kwa ajili ya watoto wa miaka mitano. Utani nimeshauzoea. Jamaa wa fizikia ninaokaa nao hosteli wananiita "profesa wa kupaka rangi". Sawa. Leo profesa anatoa mhadhara.

Hoja yangu naiweka hapa juu kabisa ili hata wavivu wa kusoma muipate: shuleni krayoni zisiwe mali ya mtoto mmoja mmoja. Ziwe za darasa, ndani ya kopo moja. Na vile vipande vilivyovunjika tunavyovitupa ndivyo vyenye kazi nyingi kuliko boksi jipya.

Sasa niwaambie imekuwaje.

Shule niliyopangiwa ni kama nyingi mnazozijua. Darasa la awali lina watoto 74, madawati hayatoshi, wengine wanakaa chini kwenye saruji. Mwalimu mwenyeji ni mama mtu mzima, mpole, kazi yake anaijua. Siku ya kwanza nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akanipa siri za darasa. "Mwanangu, siku ya kuchora wenye rangi wanachora, wasio na rangi wanafunga mikono. Ukisema wagawane, watapigana." Nikahesabu. Wenye krayoni walikuwa 19.

Na mimi, na andalio langu la somo safi kabisa, nikafanya hivyo hivyo. Nikawaambia wachore tunda wanalolipenda. Watoto 19 wakachora, watoto 55 wakafunga mikono wakiwaangalia. Darasa kimya, yaani mkaguzi angepita angenisifu.

Katikati ya kipindi nikaona dogo mmoja kule nyuma, yuko sakafuni, kainama anakwaruza kitu. Nikamfuata. Ana kipande cha mkaa, nadhani alitoka nacho jikoni kwao. Daftari kaliweka chini, mikono myeusi, karatasi nyeusi. Nikamnyang'anya ule mkaa, nikamsimamisha mpaka kipindi kiishe. Kosa: kuchafua daftari.

Jioni nasahihisha, nikafika kwenye daftari lake. Alikuwa amechora fenesi. Ile saruji ya chini ilikuwa na vinundu na mikwaruzo, mkaa ukavishika kupitia karatasi, kwa hiyo fenesi lilikuwa na ganda lake lile la miibamiiba hasa. Wenye krayoni karibu wote walichora chungwa: duara, ndani rangi, basi.

Jamani, usiku ule sikulala vizuri. Manake alichogundua yule dogo nilishakisoma darasani hapa chuoni, nikakifanyia mtihani na kufaulu. Kuweka karatasi juu ya kitu chenye mparuzo na kusugulia rangi juu yake. Nimemwadhibu mtoto kwa kufanya somo langu vizuri kuliko mimi.

Kesho yake nikaanza kopo.

Kwanza tuondoe hofu, krayoni si kitu cha ajabu. Ni nta kama ya mshumaa imechanganywa na rangi. Kampuni ya Binney & Smith ya Marekani ilipoanza kuuza Crayola mwaka 1903, boksi la rangi nane lilikuwa senti tano. Yaani tangu mwanzo kilikuwa kitu cha bei ya chini cha watoto wa shule. Sisi ndio tumekifanya kuwa cheo. Nikawaambia watoto walete vipande vya nyumbani, vya dada, vya kaka, vyovyote vile. Mimi nikaongeza maboksi mawili kwa boom langu, nikayavunjavunja mwenyewe mbele yao na kubandua karatasi. Kopo ni la maziwa ya unga. Haya ndiyo tuliyofanya, na wewe unaweza kuyafanya kesho:

1. Kusugulia. Weka jani chini ya karatasi, upande wenye mishipa uangalie juu. Laza kipande cha krayoni kwa ubavu na usugue taratibu. Mishipa yote inatokea. Krayoni nzima yenye karatasi yake haiwezi kulala hivyo, ni lazima iwe imevunjika na kubanduliwa. Tulipomaliza majani tukaingia kwenye sarafu: ya 50 inatoa kifaru, ya 100 swala, ya 200 simba, ya 500 nyati. Watoto wakazikata, wakafungua duka, wakauziana mawe na vizibo. Sasa niambieni hiyo si hesabu.

2. Nta na maji. Chora kwa krayoni ukikandamiza sana, kisha pakaza juu maji ya bluu ya kufulia au maji ya binzari kwa kipande cha sponji la godoro. Maji yanakimbia nta, yanashika karatasi tupu tu. Mchoro unabaki unang'aa. Binti mmoja akaniambia, "Mwalimu, ndivyo mama anavyofanya vitenge." Mama yake anatengeneza batiki! Na ni kweli, kanuni ni ile ile, nta inazuia rangi isiingie kwenye kitambaa. Mtoto wa watu alikuwa anakaa mikono kifuani wakati nyumbani kwao ndiyo kiwanda.

3. Kuzaliwa upya. Vipande vikiwa vidogo sana hata vidole vinashindwa, viweke kwenye kopo la bati, kopo liweke ndani ya sufuria ya maji ya moto mpaka viyeyuke. Mimina kwenye vizibo vya soda ulivyopaka mafuta kidogo, acha vigande, gonga, umepata krayoni mpya ya duara. Hii fanya wewe mwalimu nyumbani kwako, si watoto. Na kopo lisikae moja kwa moja kwenye mkaa, nta inashika moto.

Gundi ya kubandikia hatukununua, tulipika uji mzito wa unga wa ngano. Karatasi ni nyuma ya matangazo ya zamani na maboksi ya biskuti.

Najua mnachotaka kusema. Nimeshabishana na nusu ya hosteli.

Wa kwanza atasema: huo ni mchezo, watoto wanatakiwa KKK. Ndugu yangu, mkono usioweza kushika hauwezi kuandika. Kipande kifupi cha krayoni hakishikiki kwa ngumi, kinamlazimisha mtoto atumie ncha za vidole, na ndivyo kalamu inavyoshikwa. Boksi jipya halimfundishi hilo, kipande kinamfundisha. Kwa hiyo kopo langu lipo ndani ya hiyo K ya kuandika.

Wa pili atasema kama mwalimu mwenyeji: watapigana. Walipigana kweli. Siku ya kwanza ilikuwa kasheshe, wawili waling'ang'ania kipande chekundu mpaka mmoja akang'atwa. Siku ya pili nikagawa makundi ya watoto saba au wanane, kila kundi kizibo kikubwa chenye vipande vyake na msimamizi wa kuhesabu kabla na baada. Ndani ya wiki mbili kelele zikapungua. Hata kugawana kunafundishwa, hakuji kwenyewe.

Wa tatu ndiye aliyenipa shida, na ana haki. Ni mama mmoja aliyekuja mpaka mlangoni. Awali nilikosea, nilichukua na maboksi mazima ya wale 19 nikayatia kopo moja. "Mwalimu, mimi nauza vitumbua. Hilo boksi nimelinunua kwa shida. Mwanangu amerudi na vipande viwili vya rangi ya udongo. Huo ni uungwana?" Nikakosa jibu. Nikamwomba radhi, nikamrudishia alichonunua. Tangu hapo sheria ikawa: boksi la mtu halichukuliwi, linabaki nyumbani. Kinacholetwa shuleni ni kilichovunjika, na hakuna anayeulizwa ameleta kingapi. Akarudi Ijumaa na kifuko cha vipande kutoka kwa majirani, na vitumbua vinne vya mwalimu. Nilivila, siwafichi.

Huyo mama ndiye aliyenifungua macho. Serikali ilitangaza elimumsingi bila malipo kuanzia mwaka 2016, na sera ya elimu ya mwaka 2014 ilisema mwaka mmoja wa awali ni lazima kwa kila mtoto. Vizuri sana. Lakini mtoto akishaingia bure, tunamwekea ada nyingine ndogo juu ya dawati: una boksi au huna. Asiye nalo hafukuzwi, hapana, anakaa ndani na kufundishwa kila wiki kwamba yeye ni wa kuangalia wenzake. Ana miaka mitano. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alilalamikia shule inayomfundisha mtu kujitazama peke yake badala ya kushirikiana. Sisi tumefanikiwa kulifanya hilo kwa nta.

Isije ikaeleweka vibaya. Sisemi kwamba kwa kuwa tunaweza kusugulia majani basi wakubwa wapumzike. Watoto 74 chumba kimoja ni wengi mno, na uji wa ngano hautengenezi madawati. Nachukia mtu anayekuja semina na gari lenye kiyoyozi kutuambia "mwalimu mbunifu hakosi zana". Zana tudai, tena kwa sauti. Lakini wakati tunadai, yule wa sakafuni asifunge mikono. Mwaka wake wa awali ni mmoja tu.

Vilevile tuache ule mchezo wa "kazi za mikono" tuliosoma nao sisi. Mnakumbuka? Mwalimu anasema leteni fagio na vikapu, mama ananunua sokoni, mtoto anapata 80 kwa kazi asiyoigusa, na fagio linahamia nyumbani kwa mwalimu. Kazi ya mkono ifanywe na mkono wa mtoto, darasani, mwalimu akiona. Ikitoka mbaya ni sawa.

Siku ya mwisho nilimwita yule dogo, nikamrudishia mkaa wake. Nilikuwa nimeuhifadhi kwenye kasha la chaki. Nikamwambia nilikosea, fenesi lake lilikuwa zuri. Aliniangalia kama mtu asiyejua namaanisha nini, akauweka mfukoni, akaniuliza kama kopo linabaki au naondoka nalo.

Linabaki. Mwalimu mwenyeji amelifunga kamba shingoni na kulitundika juu, panya wasilifikie.

Kwa hiyo ninyi mnaokwenda TP msimu ujao, pamoja na ile suruali mpya na viatu vya kung'aa, wekeni kopo kwenye begi. Na kama kuna mwenye njia bora ya kugawa vipande kwa watoto zaidi ya 70 bila mtu kung'atwa, anitafute kantini, chai juu yangu.

Nawakilisha.